Bubu Afungua Mdomo

Nyie mlionilaani wiki nzima kwa kumwacha Doña Eduvigis amesimama na kipaza sauti mkononi, laana zenu zimenifika. Haya, mama wa watu amechoka kusimama, tuendelee.

Hadithi tuliiachia kwenye kibanda cha redio juu kabisa ya uwanja wa San Telmo, Jumapili mchana, jua likichoma bati bila huruma. Ndani walikuwamo watu watatu. Wa kwanza ni Tirso Matos, mtangazaji wetu, tunayemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Wa pili ni Seneta Fabricio Montás, mwenye kiwanda cha ramu, mwenye mabasi, mwenye saruji, na kwa mkosi wetu, mwenye nusu ya timu yetu ya besiboli, Mapanga.

Wa tatu ni Doña Eduvigis mwenyewe, mjane wa Don Ulises, mwenye ile nusu nyingine.

Alitakiwa aseme sentensi moja tu, kwamba nusu yake anamkabidhi Seneta. Akishaitamka, Mapanga wanahamia mji mkuu, na uwanja wetu unavunjwa lijengwe ghala la saruji. Mji mzima ulijua hivyo. Aliyejifanya hajui ni Seneta tu.

"Sema, Doña," alimhimiza huku akijifuta jasho kwenye shati lake jeupe la chacabana. "Mji mkuu wanatusikiliza. New York wanatusikiliza."

"Watu wangu wa San Telmo," akaanza mama.

Akanyamaza.

Hakunyamaza kwa kulia, kama mlivyodhani wengi wenu. Alinyamaza kwa sababu uwanja ulikuwa umenyamaza. Uwanja wa San Telmo! Mahali ambapo watu wanatukanana na mwamuzi toka wimbo wa taifa, ambapo wauza machungwa wana midomo kuliko wabunge. Kimya. Hata ngoma za upande wa jua zilikuwa zimeachwa chini.

Doña Eduvigis alichungulia dirishani. Ilikuwa zamu ya Mapanga kupiga, lakini yeye hakuwatazama wapigaji. Alitazama benchi. Mrushaji wetu Nereo Polanco, mzee wa mkono wa kushoto, msimu wake wa mwisho, alikuwa amekaa kwenye pembe ya benchi peke yake. Wenzake wote walikuwa wamejibana upande wa pili kama vile ana matubwitubwi.

Mama alielewa papo hapo. Yeyote aliyelelewa na besiboli angeelewa. Nereo alikuwa amemaliza kurusha mzunguko wa saba, na hakuna Baharia hata mmoja wa Puerto Blanco, wapinzani wetu siku hiyo, aliyekuwa ameupiga mpira wa Nereo akafika popote.

Jambo hilo lina jina, lakini likiwa linaendelea halitajwi. Mrushaji hasemeshwi, haguswi, hatazamwi usoni. Ukilitaja limekufa. Mimi mwenyewe sitalitaja, ingawa ni miaka mingi imepita. Tirso Kengele, anayelipwa kwa kusema, alikuwa ametangaza mizunguko saba akisifia mawingu.

Mama akakizima kipaza sauti, akakiweka mezani taratibu.

"Si sasa, Fabricio."

"Si sasa vipi? Tulikubaliana mapumziko ya mzunguko wa saba!"

"Angalia chini."

Seneta akaangalia chini. "Naona. Tunaongoza moja bila. Safi sana. Sema."

"Mchezo ukiisha nitasema. Neno langu ni neno langu."

"Mchezo ukiisha mji mkuu watakuwa wameshazima redio wamekwenda kunywa!"

"Watakunywa ramu yako, basi. Hasara yako iko wapi?"

Tirso alikohoa kuficha kicheko. Seneta akamtupia jicho, na Tirso akageukia mawingu yake.

Sasa kabla sijaendelea, niwakumbushe walioingia leo kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu alikuwa tayari kumpa mtu huyu timu ya marehemu mumewe.

Don Ulises alipokuwa kijana mkata miwa kwenye kiwanda cha sukari, zama zile za udikteta, alirusha siku moja mchezo ambao wazee wanauhadithia mpaka leo. Ilikuwa siku ya mgomo. Mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira, alikuwa mkata miwa mwenzake aliyeitwa Bubu. Mchezo ulipoisha askari waliingia kwa farasi. Watu wakakimbilia ndani ya miwa, na Bubu hakuonekana tena.

Ulises alimtafuta maisha yake yote. Lakini angeulizia nani? Sisi tunaitana majina ya utani tangu utotoni, la ubatizo wanalijua padri na mama mzazi. Siku ya kufa alimwambia mkewe: nusu ya timu yako, nusu ya Bubu. Akija, msikilize kama unavyonisikiliza mimi.

Na kwenye mazishi, nani akatokea? Seneta Fabricio Montás, machozi yakimtiririka, mkononi kabeba glavu ya mdakaji, kuukuu, yenye herufi U ambayo Ulises aliishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. "Mimi ndiye Bubu," akasema. Miaka ilikuwa imebadilisha nyuso zote, na glavu ilitosha kuwa ushahidi; watu wakalia. Mimi nililia! Bado nayadai machozi yangu.

Akapata nusu. Na mwaka ule ule mabango yakajaa kila ukuta, Seneta ameshika glavu, chini yake yameandikwa: BUBU ANAYEWASEMEA. Akashinda uchaguzi kwa kura za wakata miwa, halafu hakukanyaga shamba la miwa tena. Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa mlangoni, na wapiga kura wengi wako mji mkuu, kwa hiyo timu nayo ihamie mji mkuu. Doña Eduvigis alikataa. Akakataa tena. Mpaka Seneta akamwambia: "Ulises alikuagiza nini juu yangu?" Hapo mama akakubali.

Turudi kibandani.

"Basi kama wewe umekuwa bubu," alisema Seneta, "nitaongea mimi mpaka utakapojisikia."

"Fabricio, usikiguse hicho."

"Wapiga kura wangu hawawezi kusikilizishwa hewa!"

"Mheshimiwa," Tirso aliingilia, sauti ya Kengele ikiwa imekauka kabisa, "nakuomba kama ninavyomwomba baba yangu. Kaa chini."

Seneta akakinyakua kipaza sauti, akakiwasha. Na kumbukeni, kwa sherehe yake mwenyewe alikuwa ameagiza kipaza sauti kile kiunganishwe na redio pamoja na spika zote za uwanja.

Chini, Nereo Polanco alikuwa ameshapanda kwenye kichuguu chake cha kurushia mpira kuanza mzunguko wa nane. Aliegemea mbele kusoma ishara ya mdakaji.

"Wapendwa wananchi!" Seneta alinguruma kutoka kila pembe ya uwanja. "Tumebahatika leo! Kijana wetu Nereo amebakiza Mabaharia sita tu, na atakuwa amemaliza mchezo mzima bila kupigwa hata mpira mmoja! Bila kupigwa, ndugu zangu! Kama mimi na Ulises siku ile!"

Yesu na Maria.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa jua; ya kibandani nilisimuliwa na Tirso baadaye. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliachia sahani yake ya wali na maharage ikamwagika miguuni, na hakuinama kuiokota. Baba mmoja alivua kofia kana kwamba jeneza linapita. Mdakaji wetu alisimama, akageuka, akatazama juu kibandani na glavu yake ikining'inia.

Nereo hakutazama popote. Alimeza mate, akajipanga, akarusha.

Paa!

Mpira ulipita juu ya vichwa vya wachezaji wetu, ukadunda kwenye nyasi, ukagonga ukuta. Baharia wa Puerto Blanco alikimbia vituo viwili akasimama pale akijipangusa vumbi. Hata yeye hakushangilia, alikuwa na aibu kwa niaba yetu.

Kisha uwanja mzima, upande wa jua na upande wa kivuli, matajiri na maskini, ukageukia kibanda cha redio.

"Funga domo!"

"Domokaya mkubwa wewe!"

"Nani kamwalika huyo?"

"Shuka chini uje utuambie tena!"

Chungwa la kwanza lilipasukia kwenye kioo. La pili likapita dirishani likamlowesha Seneta bega la chacabana. Halafu yakaja mengi, na mkate wa kukaanga, na kiatu cha mtu ambaye sijui alirudi vipi nyumbani.

"Wamepandwa na wazimu?" Seneta alipiga kelele, kajificha chini ya meza. "Nimewasifia! Nimemsifia mchezaji wao!"

Doña Eduvigis hakuwa amejificha. Alikuwa amekaa pale pale kitini, anamtazama kama anamwona mara ya kwanza.

"Fabricio," alisema polepole, "unajua umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimesema ukweli! Si kweli walibaki sita?"

Mama akamgeukia Tirso. Tirso akamgeukia mama. Pale mezani taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa bado inawaka, na Tirso aliiona. Mkono wake ulianza kwenda kuizima, kama kawaida ya kazi.

Halafu aliurudisha mfukoni. Mungu ambariki Tirso Matos.

"Inuka, Fabricio," alisema mama. "Nina swali moja. Ukinijibu, nusu yangu ni yako sasa hivi."

Chini machungwa yalikoma ghafla. Watu walikuwa wamesikia kwenye spika.

Seneta akainuka, akanyoosha kola, akarudisha tabasamu lake la kwenye mabango. "Uliza, Doña wangu. Hata kumi."

"Kwa nini walikuita Bubu?"

"Ah!" Alicheka, pumzi zikimrudi. "Ndiyo hilo tu? Nilikuwa mpole, mama. Kijana wa aibu. Maskini hana wa kusema naye. Nilikuwa sisemi kabisa, siku nzima kimya na panga langu."

Doña Eduvigis alifunga macho. Alipoyafungua yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Bubu alikuwa msemaji kuliko kasuku. Ulises alikuwa ananiambia, Eduvigis, yule mtu mdomo wake hauna mlango. Alisema akikata miwa, alisema akila, alisema usingizini, wenzake wakamtupia viatu. Siku ya ule mchezo, Ulises alipofika mzunguko wa tano hajapigwa, huyo msemaji aliona kitu gani kinatokea. Akafunga mdomo. Mpaka mwisho hakutoa hata mguno. Mpira ulimvunja kidole cha mkono wa kulia na hakusema 'ai.' Wakata miwa wakacheka mpaka wakalia, wakamwita Bubu kwa mara ya kwanza pale pale uwanjani, kabla farasi hawajafika. Kabla ya hapo alikuwa anaitwa Redio."

"Doña, hayo ni ya zamani, kumbukumbu—"

"Leta mkono wako wa kulia."

Seneta akauficha nyuma. Mtu mzima, seneta wa jamhuri, anaficha mkono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari!

"Aliyewahi kudaka mpira siku moja tu maishani mwake," alisema mama, akisimama, "hata kwenye uchochoro, hata kwa glavu ya boksi la maziwa, asingelitamka ulilolitamka. Ungekatwa ulimi usingelitamka. Wewe hujacheza besiboli, Fabricio. Hujacheza hata dakika moja. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenye nusu ya timu hii!" Sasa tabasamu lilikuwa limetupwa. "Na glavu ninayo! Na wanasheria ninao! Unataka kunikataa? Nikatae! Wenye nusu wakigombana, ligi ndiyo inaamua, ligi inakaa kesho, na mwenyekiti wa ligi amemwoa dada yangu. Utaniletea shahidi gani? Kasuku wako? Utamtoa wapi? Bubu alikufa kwenye miwa siku ile ile, risasi ya mgongo, nilimwona kwa macho yangu—"

Akasimama hapo hapo.

Alikuwa ameiona ile taa nyekundu.

Jamani! Mnajua kelele za watu elfu nane wakishangilia ushindi? Hizi hazikuwa hizo. Ilianza kicheko kimoja upande wa jua, mama mmoja wa kuuza machungwa, akasema kwa sauti: "Bubu kajitangaza marehemu!" Kikasambaa. Watu wakacheka wakishikana mabega. Halafu wazee wa miwa waliokuwapo siku ya farasi wakaacha kucheka, kwa sababu walisikia lile la risasi ya mgongo, na wao ndugu zao wengine hawakurudi kutoka kwenye miwa ile.

Doña Eduvigis aliinamia kipaza sauti.

"Watu wangu wa San Telmo," alisema, akiendeleza pale alipokuwa ameishia. "Nusu yangu siitoi. Na mwenye nusu ya pili hajafika."

Simu ya kibandani ikalia.

Tirso aliinua kwa mazoea tu, maana wenzetu wa New York hupiga kila Jumapili kusalimia nyumbani. Alisikiliza. Akajaribu kusema "halo" mara kadhaa, lakini huko upande wa pili mtu hampi nafasi. Akaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

"...na mwambie huyo mjinga asinizike kabla sijafa," sauti ya mzee ilijaza uwanja, haraka haraka, haina nukta wala koma, "maana risasi ilinipata begani si mgongoni, hata kusema mtu alipigwa wapi hawezi, na hiyo glavu niliidondosha mlangoni pa mizani na anayejua ni yeye kwa sababu yeye ndiye alikuwa karani wa mizani, Fabricio Montás, aliyekuwa anatupunja uzito wa miwa kila siku ya Mungu, muulizeni nani aliwaonyesha askari njia ya kupita, muulizeni, na huyo mtoto Nereo mwambieni asivunjike moyo, Ulises naye alikuwa anashusha bega la kushoto akichoka, nilikuwa namwambia kila siku, isipokuwa siku ile..."

"Bubu?" aliita Doña Eduvigis. "Ni wewe, ndugu yangu?"

"Ndiyo mimi, mama, nani mwingine anayeweza kukuchosha masikio namna hii, baridi huku inaua, nafagia theluji tangu asubuhi—"

"Ulises alikuachia nusu ya timu."

Sauti ikakatika.

Tulidhani simu imekufa. Lakini hapana, tulikuwa tunasikia pumzi. Mzee aliyesema bila kituo tangu apokelewe alikuwa amekosa neno. Uwanja ulisubiri. Wazee wengine walivua kofia, na safari hii haikuwa kwa jeneza.

"Ulises?" alisema hatimaye, kidogo kabisa. "Alinikumbuka?"

"Kila siku. Sikiliza, ndugu yangu, ligi inakaa kesho, tunahitaji—"

Trap!

Seneta alikuwa na waya wa simu mkononi. Ameung'oa ukutani na kipande cha plasta juu yake. Aliutupa sakafuni, akafungua mlango akatoka, na walinzi wake wakamzungukia.

"Haidhuru!" alisema Tirso, akitafuta kalamu. "Atapiga tena! Tutampigia sisi! Kuna simu kwa padri, kuna simu posta. Doña, nipe jina lake, jina kamili, niwaambie wenzetu New York wamtafute. Wako huko nusu ya mji, leo hii hii watampata."

Doña Eduvigis alifungua mdomo.

"Anaitwa..." alisema.

Walitazamana. Alikuwa naye kwenye simu. Mji mzima ulikuwa naye kwenye simu. Na kama vile siku ile ya miwa, hakuna mtu hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza jina. Huko New York wako wazee wangapi waliotoka San Telmo, wenye kovu la bega, wanaofagia theluji?

Ndipo mama alipokumbuka. Karani wa mizani alikuwa anaandika uzito wa kila mkata miwa kila jioni. Na hakuwa anaandika majina ya utani.

Kutoka chini ya ngazi, sauti ya Seneta ilipanda tulivu kabisa, safari hii bila kipaza sauti.

"Leteni gari. Nataka kuzungumza na watu wangu wa New York. Waambieni jina la mzee wa kumtafuta nitawatajia mwenyewe."